Damu ya Alhamisi

Kila Alhamisi muuguzi Pendo alikuja nyumbani Mikindani, akamchoma mjukuu wangu Zulfa sindano, akaondoka na vichupa viwili vya damu vya kupelekwa hospitali Dodoma. Nilivisindikiza kwa macho. Mtoto ameshatibiwa, damu yake inatafutwa nini?

Zulfa alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Huko Dodoma walimpandikizia uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa dada yake, Mwanaamina. Pendo alinieleza kwamba uloto mgeni huweza kuugeukia mwili, na kwamba ndani ya damu mna vitu vidogo mno, mikroRNA, vinavyopeleka maagizo kwenye chembe. Vikibadilika, madaktari huijua hatari kabla haijaonekana. Niliitikia tu. Kitu kisichoonekana hata kwa miwani kinampa nani habari?

Mtoto akawa ananyong'onyea. Nikakumbuka daktari alivyotuambia, kwamba sasa Zulfa ana damu ya dada yake. Basi kama damu ni moja, kwa nini achomwe mgonjwa? Mwanaamina alikubali upesi achomwe yeye. Uloto alishatoa, damu ni nini. Wamepishana mwaka mmoja, na Pendo hakuwahi kumwona Zulfa bila barakoa. Nikamvalisha barakoa na ushungi wa mdogo wake, nikamkalisha.

Tulifanya hivyo wiki tatu. Majibu yakaja mazuri, dawa ya kuutuliza uloto ikapunguzwa. Nikajiona mjanja.

Wiki ya nne nilishika mkono wa Zulfa nimpake hina ya Idi. Kiganja chekundu, kinamwasha, na tangu jana anaharisha. Kwanza niliwashuku madaktari na dawa zao. Halafu nikajishuku mwenyewe.

Pendo alipofika nilimwambia yote. Hakupaza sauti.

"Bibi, damu ni ya dada, sawa. Lakini inaishi kwenye mwili wa Zulfa. Habari za mwili huu utazipata kwa Mwanaamina?"

"Mimi nilidhani mnaiuza."

"Ningekuwa naiuza, ningekuja na bodaboda mvua yote hii?"

Akapiga simu palepale. Uloto ulikuwa umeanza kuugeukia mwili. Dawa ikaongezwa, Zulfa akalazwa siku tisa, na viganja vikapoa.

Siku hizi mkono wa Zulfa naushika mwenyewe. Lakini Pendo hafungui sindano mpaka aishushe barakoa ya mtoto, amtazame usoni, kisha anitazame mimi.