Mchapaji wa Njia ya Maumbo

Kati ya dakika kumi za mtihani zilikuwa zimebaki nane, na Tan Suqin alikuwa hajachapa hata herufi moja. Wenzake sita katika chumba kile cha ofisi ya mtaa walikuwa wameshashika kasi. Yeye bado alihangaika na kipanya. Alifungua mipangilio, akaingia kwenye lugha, akachagua Kichina, akatafuta mahali pa kuongeza njia ya kuchapia. Mahali palikuwepo, ila pamefifia rangi ya kijivu, na kila alipobofya, kisanduku kilijitokeza kudai neno la siri.

"Mdogo wangu," akamwita msimamizi. "Kompyuta hii ina njia ya sauti peke yake."

Msimamizi alikuwa kijana anayeitwa Xie Junpeng, kitambulisho shingoni, chupa ya chai mkononi. "Zote ndivyo zilivyo, shangazi."

"Mimi nachapa kwa maumbo."

"Kumbe hayo mambo bado yapo?" Msichana mmoja wa mbele alicheka bila kuacha kuchapa.

"Yapo. Niwekee tu, dakika moja haiishi."

"Neno la siri analo mhandisi, na mhandisi huja Jumatano."

"Leo Alhamisi."

"Ndiyo hivyo. Au ujaze fomu ya maombi. Ila fomu iwe imechapwa, ya mkono hawapokei."

Suqin alimtazama usoni aone kama anatania. Hakuwa akitania.

Basi akachapa kwa sauti. Kwa njia hiyo unaandika mlio wa neno kwa herufi za Kizungu, mashine inakuletea safu ya herufi zenye mlio huo, nawe unachagua yako. Ni rahisi kwa anayesema Kichina cha televisheni. Suqin alikulia bonde la ndani huko Hunan ambako N na L hazitengani, na miaka yake ya shule ilipita akibeba mawe ya bwawa. Aliandika mlio kama alivyousema mama yake, safu ikaja, herufi yake haimo. Akafuta. Akajaribu tena. Shingo ilimwaka moto kwa aibu.

Njia ya maumbo alijifunza mwaka tisini na nne, ofisi ya kiwanda cha nguo, miezi minne ya kukariri kipande gani cha herufi kinakaa kwenye kibonye gani. Tangu hapo macho yakiona herufi vidole vinakwenda vyenyewe, vibonye visivyozidi vinne, hakuna kuchagua, hakuna kutamka. Kiwanda kilipokufa alihamia duka la uchapaji mkabala na mahakama, akawachapia watu mashitaka yao miaka ishirini. Alifika herufi mia na thelathini kwa dakika, na mawakili walimngoja yeye hata kama wenzake wamekaa bure.

Leo alipata ishirini na tatu. Zilitakiwa sitini.

Matokeo yalibandikwa ukutani kabla hajavaa koti. Walichukuliwa watatu, akiwemo yule msichana wa mbele, jina lake Ouyang Lu, kwa kazi ya miezi sita ya kuingiza rejista za zamani za kaya. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo, wala Suqin hakuufuata huo. Mume alikuwa na miaka minne kaburini. Binti yuko Shenzhen, anapiga simu Jumapili akiwa anapika. Duka lilifungwa majira ya kuchipua, na tangu hapo ziko siku alilala bila kusema neno na mtu, hata la kununua mboga, kwa kuwa siku hizi unaelekeza simu unalipa unaondoka. Alichotaka ni meza ndani ya chumba chenye watu, na mmoja wao, saa ya mchana, amuulize kama amekula. Upweke ulikuwa unamla, na aliona haya kumwambia yeyote.

Alikuwa mlangoni akifungua mwavuli Lu alipouliza, "Kaka Xie, hii inasomwaje?"

Rejista aliyopewa aanzie ilikuwa ya karatasi, imeandikwa kwa brashi. Jina la mzee wa kijiji fulani, herufi moja nzito iliyojaa vipande. Junpeng hakuijua. Wale wawili waliochukuliwa pamoja na Lu hawakuijua. Na kwa njia ya sauti, usichoweza kukisoma huwezi kukichapa. Junpeng akaichora kwa kidole kwenye simu, simu ikamletea nyingine za kufanana, hiyo haimo.

"Weka nyota, uendelee," akasema.

"Ukurasa huu tu zipo tano, kaka."

Suqin alikuwa amesharudi hadi mezani. "Vibonye vinne tu hiyo," akasema.

"Inasomwaje?"

"Sijui inavyosomwa. Najua kuichapa."

Wote wanne walimtazama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ulipiga kwa furaha. "Niwekeeni njia yangu Jumatano, nikae hapa kwenye kona. Hizo zote nitawachapia."

Junpeng alikuna kichwa. "Orodha imeshapanda wilayani. Siwezi kuongeza mtu." Kisha akaweka chupa ya chai chini, na sauti ikabadilika. "Lakini mwalimu Tan, nyumbani una kompyuta?"

Asubuhi yote alikuwa shangazi, sasa amekuwa mwalimu. Suqin alielewa mara moja.

"Ninayo."

"Tukikwama tunaipiga picha herufi, tunakutumia. Wewe unachapa, unaturudishia kwa simu. Kitu cha kusaidiana tu, si unajua."

Alijua. Alijua pia kwamba mtu mwenye akili timamu angefungua mwavuli wake akaenda zake. Akatoa simu, akamwonyesha namba.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" akauliza.

"Mbili na nusu."

Kesho yake, saa mbili na robo, Suqin alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yake kuukuu kando ya kitanda, amechana nywele, amevaa shati la kola na viatu vya kutokea. Simu aliilaza karibu na kibodi, kioo juu. Picha ya kwanza iliingia saa tatu kasoro. Akachapa vibonye vinne, akatuma, na chini yake akaongeza: *Mmekula?*

Jibu lilikuja, alama ya dole gumba tu. Akaivuta simu karibu zaidi, akangoja picha ya pili.