Mwili Wenye Ndimi Arobaini na Moja

Usiku wa jana, bila hata kiporo tumboni cha kusingizia, niliota usharika wetu umegeuka mwili mmoja. Sisemi kwa mfano. Ulikuwa mwili kabisa, umelala chali uwanjani kati ya kanisa na mashamba ya chai, umefunikwa kitambaa cha madhabahu hadi kifuani, unasubiri kuamshwa.

Kabla sijaendelea, niseme kilichonipeleka kitandani na moyo mzito. Jumapili iliyopita Mwinjilisti Anyosisye alitugawia fomu. Swali lilikuwa moja tu: karama yako ni ipi? Chini yake vilifuata visanduku: unabii, uponyaji, miujiza, ualimu, kunena kwa lugha. Mwishoni kabisa, kwa waliokosa pa kuweka alama, kulikuwa na mstari mtupu. Fomu zirudi Jumapili hii, alisema, ili kila mtu apangiwe huduma kwa karama yake.

Mimi kazi yangu kanisani ni kupanga viti. Ni mwaka wa tisa sasa. Niliizungusha ile fomu mkononi wiki nzima, na jana baada ya chakula nikaandika kwenye mstari mtupu neno moja: Sina. Nikaiweka kwenye stuli kando ya kitanda. Nilikuwa nimekata shauri: asubuhi nitairudisha pamoja na ufunguo wa stoo ya viti, kisha niwe nakaa zangu nyumbani. Iliniuma, sitaficha.

Basi, mwili umelala pale. Mwinjilisti anauzunguka na rula mkononi.

"Dada Atu," ananiambia, "afadhali umekuja. Mwili hauinuki."

"Una nini?"

"Una ndimi."

Anaufungua kinywa. Ndani mna ndimi arobaini na moja, zimebanana, na kila mmoja una jina la mwenyewe kwa wino wa bluu.

"Wote wamejaza kunena kwa lugha," anasema. "Mwanzoni nilidhani ni baraka."

"Na macho?"

"Hakuna aliyejaza macho."

"Magoti je?"

"Dada Atu, nani ajaze magoti?"

Kweli, mwili ulikuwa kinywa, shingo, kifua na tumbo tu. Tumbo lenyewe lilikuwa kamati ya chakula. Hawakujaza fomu, walijitokeza wenyewe.

Ndimi zinaanza kunena. Ulimi wa Mzee Gwakisa, mzee wetu wa kanisa, unanena kwa lugha ya simu: namba unayopiga haipatikani, tafadhali jaribu tena baadaye. Ulimi wa mwenyekiti wa kwaya unanena kwa lugha ya viazi, na viazi vya sadaka vilivyo guniani karibu na mlango vinaitikia "Amina" kwa pamoja. Nauliza vimeambiwa nini. Mwinjilisti anapekua fomu zote, mbele na nyuma.

"Hakuna aliyejaza kufasiri," anasema.

Saa ya ukutani, ambayo tangu nianze kusali pale imesimama saa nne na robo, inashuka kwenye msumari wake na kuja hadi uwanjani. "Utaratibu unajulikana," inasema. "Zamu kwa zamu, wanenaji wasizidi watatu, na pasipo mfasiri watu wanyamaze." Ndimi arobaini na moja zinajibu kwamba zenyewe ndizo hao watatu.

Hapo nahisi kitu kinanivuta gauni. Ni kiti. Kile cha plastiki cha bluu chenye ufa mgongoni, ninachokiweka safu ya mwisho kando ya dirisha. Ni cha Bibi Tusekile. Hukohoa, anahitaji hewa, na ukikisogeza mbele atasimama nyuma ibada nzima kuliko kumsumbua mtu.

"Jumapili tatu sijakaliwa," kiti kinasema.

"Najua."

"Unajua?"

"Si mimi ninayekupanga?"

"Na umemwambia nani?"

Sikuwa nimemwambia mtu. Niliona tangu Jumapili ya kwanza, na kila nikikirudisha stoo nilikipangusa vumbi, lakini nilijiambia kwamba jambo la maana kama hilo wataonyeshwa wenye karama. Mimi nani? Bibi Tusekile anaishi peke yake ng'ambo ya kijito, na hata moshi wa jiko lake hauonekani kutoka kwetu. Naona aibu mbele ya kiti, na kiti hakigeuzi uso.

"Kwa Bibi Tusekile ndiko mwili unakotakiwa kwenda leo," anasema Mwinjilisti. "Kengele ikimaliza kulia kabla haujainuka, basi tena."

Na kengele inaanza. Kengele yetu ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na leo inajigonga yenyewe.

Papo hapo uwanja umekuwa zahanati. Daktari wa zamu ni jogoo wa sadaka, yule anayeletwa ili anadiwe nje baada ya ibada, kama ilivyo desturi yetu kwa mazao na mifugo. Amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, kwa hiyo anamzungukia mgonjwa kwa kurukaruka. Anaweka sikio kifuani. Anadonoa goti, anakumbuka kwamba halipo.

"Hauna nyayo," anatangaza. "Hata ukiinuka utaanguka. Wewe, fomu yako iko wapi?"

Naitoa. Anaisoma kwa jicho moja, anageuza kichwa, anaisoma kwa jicho la pili.

"Sina," anasoma. "Hii ni karama ya namna gani?"

"Si karama, daktari. Maana yake sina."

"Nani anajua Bibi Tusekile hukaa wapi?"

"Mimi."

"Na Mzee Gwakisa?"

"Kwenye nguzo, apate pa kuegemea akisinzia."

"Na yule mjane kijana, aliyefiwa mwezi wa pili?"

"Karibu na mlango. Akizidiwa na kilio atoke bila kupita mbele za watu."

"Alikuomba?"

"Hajaniomba. Niliona tu."

"Mwinjilisti aliona?"

Mwinjilisti anaitazama rula yake.

"Lakini daktari," nasema, "hiyo si karama. Hiyo ni kupanga viti."

"Mama, mimi nimefungwa tangu alfajiri na sijala kitu," anasema jogoo, na kabla sijaivuta fomu amelidonoa neno langu likatoka zima. Analimeza. Anafikiri kidogo.

"Lina chumvi. Ulilia?"

"Kidogo."

"Haya. Nenda chini."

Nikaenda chini, nikawa unyayo wa kushoto. Hakukuwa na maumivu wala sherehe. Mwinjilisti alisikiliza rimu ikianza kufifia, akatazama huku na huku kama kuna mwingine, kisha akaweka rula chini, akavua viatu, akawa unyayo wa kulia. Hakuwa unyayo mzuri, alikuwa na tabia ya kutaka kutangulia, lakini alijitahidi. Mwili ukainuka.

Kuwa unyayo si kazi ya kujivunia. Uzito wa watu arobaini na mmoja unakukalia, pamoja na kamati ya chakula, na hakuna anayekuuliza habari za asubuhi. Lakini unajua mambo. Najua kokoto lipi ni kali. Najua tope la jana na tope la leo. Huko juu ndimi zinabishana kuhusu njia, kila mmoja kwa lugha yake, na huku chini mimi naikanyaga njia yenyewe. Maji ya kijito ni baridi na nafurahi, nafurahi mno, kuliko nilivyowahi kufurahi nikiwa na kichwa.

Tunafika. Mlango wa Bibi Tusekile umefungwa. Ndimi arobaini na moja zinanyamaza kwa mara ya kwanza, kwa sababu katika lugha zote hizo hakuna aliyejifunza kupiga hodi.

Nikagonga mimi, kwa kidole gumba.

"Nani?" Sauti inatoka ndani, na kikohozi nyuma yake.

Ndimi zote zinajibu kwa mpigo.

"Siwaelewi," anasema Bibi.

Kitasa kinazunguka polepole. Bibi Tusekile anatokea, amejifunga kanga mbili na sweta juu, amekonda. Anautazama mwili kuanzia kinywani kushuka chini, bila mshangao wowote, mpaka macho yake yanafika kwangu.

"Kumbe ni Atu," anasema.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilijisemea, huyu anayenipangia kiti lazima ataona."

Nikaamka.

Dirishani kulikuwa kumepambazuka. Mguu wa kushoto uliniuma mpaka kwenye muundi, nikasema ni kulala vibaya. Nikanyoosha mkono kwenye stuli nichukue fomu, nione tena nilivyojimaliza kwa kalamu yangu mwenyewe.

Neno halikuwepo. Pale nilipoliandika palikuwa na tundu dogo la pembe tatu, kingo zake zimevutwa kwa juu, kama karatasi iliyodonolewa. Nikainama chini ya kitanda, nikakung'uta mashuka, nikakagua dirisha lenye wavu. Mimi sifugi kuku. Sijawahi kufuga.

Nimeikunja fomu na tundu lake, nimeitia mfukoni pamoja na ufunguo wa stoo. Sasa navaa viatu, cha kushoto kwanza. Nimejaza chupa ya chai, nimefunga viazi viwili kwenye kitambaa. Rimu italia saa mbili na viti bado havijapangwa, lakini leo vitanisubiri. Kile cha bluu kitavieleza nilikokwenda.