Neno la Kahawa

Chumba kile wanafunzi walikianzisha wenyewe, nyuma ya maktaba ya chuo chetu hapa mjini Karak. Zulia, viti vichache, birika la kahawa. Mlangoni wamebandika: Njoo useme, tupo. Muhula mzima nilipita pale nikiwahi darasa la jioni, nikijifanya sioni.

Siku niliyoingia nilikuwa nimembeba mwanangu Sanad. Zamu ya kusikiliza ilikuwa ya Ghaida, binti wa mwaka wa tatu anayesomea famasia.

"Karibu, dada! Na huyu naye kaja kujiandikisha?"

"Huyu ameshahitimu. Shahada ya kulia."

Tukacheka. Kicheko changu kikaisha kabla ya chake.

Akanimiminia kahawa chungu ya iliki. Nikakiweka kikombe chini bila kuonja.

Kila mtoto wa huku anajua maana yake. Mgeni asiyegusa kahawa ana haja nzito, na mwenyeji akimwambia anywe, ameahidi kuitimiza, iwe ni nini. Kwa kahawa namna hiyo watu wamesameheana damu. Ghaida alifundishwa asiahidi kitu kabla hajasikia. Lakini kabla ya mafunzo hayo alikuwa amelelewa na babu yake, kwa mila hiyo. Neno likamtoka:

"Kunywa, dada yangu. Haja yako imekubaliwa."

Nikanywa. "Haja yangu ni kwamba nitakalosema lisitoke humu. Asiambiwe mtu yeyote."

"Halitoki."

Ndipo nikasema. Kwamba tangu nijifungue silali, hata mtoto akilala. Namwogesha, namnyonyesha, namwimbia, na moyoni naona angepata mama mwingine angekuwa na heri. Nikasema ninachoogopa: mama mkwe akisikia ataniita mwendawazimu, na Sanad atachukuliwa.

Ghaida aliniuliza taratibu, bila kuzunguka, "Unawaza kujiua?"

"Ndiyo. Na siku hizi wazo lenyewe halinitishi."

Akashikanisha mikono mapajani.

"Mama Sanad, nimekosea. Nimekuahidi kabla sijajua. Hili siwezi kulikalia. Lazima Daktari Arwa wa ushauri ajue, leo hii."

"Umetoa neno! Hivi wewe ni mtoto wa nani? Kwenu neno linamwagwa kama mashapo ya kahawa?"

Lilimwingia. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Katangaze. Waambie Karak nzima kwamba Ghaida kavunja neno la kahawa. Babu atanuna, nami nitaona haya mpaka nizeeke. Bora nizeeke na haya zangu, nawe upo. Ila siendi kwa kificho. Nakwambia usoni."

Sanad alikuwa anavuta ushungi wangu. Nikamtazama yule binti, pua imemwiva, bado kashikilia lake. Tangu nijifungue watu walinipa pongezi, nguo za mtoto, na mawaidha yasiyo na mwisho. Hakuna aliyekuwa tayari kuaibika kwa ajili yangu.

"Na mama mkwe?"

"Mwulize daktari hilo kabla hujakaa. Jibu lisipokupendeza, nitakuwa pale nawe, tutafute lingine."

Nikaunasua ushungi mkononi mwa Sanad.

"Basi usiseme wewe," nikamwambia. "Neno lako libaki zima. Nitasema mimi."

"Utaweza?"

"Sijui. Mshike mtoto."

Tukapanda ngazi, yeye na Sanad mbele, mimi nyuma nikishikilia ukuta. Daktari Arwa alikuwa anakula mkate na zeituni. Alipotuona akafuta vidole. Nilisahau hata salamu.

"Nikikwambia jambo, mama mkwe wangu ataitwa?"

"Jambo hilo ni lako," akasema. "Nikiona lazima mtu mwingine ajue, utakuwa wa kwanza kuambiwa, na tutamchagua pamoja."

Ghaida aliegemea mlango, Sanad begani. Nikavuta kiti, nikaanza na habari ya usingizi nisioupata.