U-bin au Dong-ha

Asubuhi ya mchezo wa mwisho wa msimu, Mkurugenzi Seol aliniita ofisini kwake juu ya uwanja, akanimiminia chai ya shayiri, akaniuliza swali ambalo mji mzima wa Gunsan ulikuwa ukiniuliza tangu Aprili.

"Kocha Guk, niambie bila kuzunguka. Kati ya U-bin na Dong-ha, nani mpigaji?"

Mimi ndiye kocha wa wapigaji wa Korongo, timu ya besiboli ya mji huu. Chipukizi wote wanaoshika gongo katika timu hii hupitia mikononi mwangu, na mwaka huu ni wawili tu waliosalia kikosi cha kwanza. Cheon U-bin ana miaka kumi na tisa, katoka moja kwa moja sekondari, mkubwa kama mlango wa ghala. Mwezi Mei alikuwa akipiga mipira inavuka ukuta na kutua kwenye maegesho ya magari. Mashabiki wakamtungia wimbo, vijana wakaanza kunyoa kama yeye. Pyo Dong-ha kamzidi miaka minne, katoka chuo kikuu, mfupi, mwembamba, na siku ya kuchagua wachezaji wapya tulimchukua mwisho kabisa. Huyu hapigi mbali. Yeye husimama pale na gongo lake, anaiacha mipira mibovu ipite mmoja mmoja, mpaka mrushaji anapandwa na hasira.

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea! Mwenyekiti anataka jina moja la kupeleka kwenye tuzo ya chipukizi bora. Nami nataka kujua nani nimbakize mwakani. Sasa nikamwambie mwenyekiti 'inategemea'?"

"Mpelekee jina la U-bin, kwa yale ya Mei. Lakini tangu Agosti warushaji wamemshtukia. Wanamrushia ule mpira unaokuja vizuri, halafu ukimkaribia unaanguka magotini. Naye anaurukia kila mara, anapiga hewa. Kwa leo, likitokea jambo zito, nitamwingiza Dong-ha."

"Ndiyo hukumu yako?"

"Ya asubuhi hii."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Leo tukifungwa, Kocha, hakuna atakayeuliza habari za chipukizi. Watauliza habari zako."

Hakukosea. Sisi na Nguruwe-mwitu wa Wonju tulikuwa sawasawa kabisa katika nafasi ya tano, nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano, na ratiba ikatukutanisha siku hiyo. Mshindi anaendelea, aliyeshindwa anakwenda kukunja jezi. Na Gunsan ilikuwa na njaa. Kuna watu wazima pale mjini, wana ndevu zao, hawajawahi kuiona Korongo ikicheza mtoano.

Saa nane mchana uwanja ulikuwa umefurika. Moshi wa ngisi wa kuchoma, harufu ya kuku wa kukaanga, ngoma, filimbi ya kiongozi wa mashabiki, kina mama wenye mapafu ya ajabu. Mchezo wenyewe ulinipandisha presha. Tukaongoza, wakasawazisha, wakatupita, tukawakaribia. Tulipoingia kipindi cha tisa, zamu yetu ya mwisho ya kupiga, tulikuwa nyuma kwa pointi moja, nne kwa tano.

Wonju wakamleta Eom Sang-gu, mrushaji wao wa kumalizia michezo, bingwa wa ule mpira unaoanguka. Wapigaji wetu wawili wa kwanza wakatolewa upesi hata sikuwahi kumeza mate, na akitolewa wa tatu mchezo umekwisha. Nyuma yetu baadhi ya watu wakaanza kuvaa makoti.

Halafu Yang Chi-hwan akachomeka mpira katikati ya walinzi, akafika kituo cha kwanza kati ya vile vitatu vya kupitia kabla ya kurudi nyumbani, penye pointi. Waliovaa makoti wakaketi. Akafuata mdakaji wetu, Do Man-bok, ambaye wenzake humwita Mzee ingawa ni mdogo wangu kwa mbali. Sang-gu akamrushia mipira minne ovyo, na kwa kanuni Mzee akapewa kituo cha kwanza bure, Chi-hwan akasogea cha pili. Uwanja ukalipuka.

Kocha mkuu, Bae Hak-do, akanigeukia. Aliyefuata kupiga alikuwa dhaifu, na sote tulijua hatamwacha apige. "Pil-jung!" akaniita. "Nani?"

"Dong-ha!" nikajibu palepale. Nikamgeukia. "Dong-ha, vaa kofia, nenda."

Dong-ha alikuwa ameegemea uzio wa benchi, macho kwa Sang-gu. Hakuondoka.

"Kocha, mwingize U-bin."

Nilidhani ngoma zimenipotosha masikio. "Unasemaje?"

"Mpira wake hauanguki tena. Karusha jana, karusha juzi, mkono umechoka. Ile minne ya Mzee, miwili ilitaka kuanguka ikabaki juu. Mimi nikiupiga, utaishia kwa walinzi wa ndani. U-bin akiupiga..." Akaonyesha ukuta kwa kidevu.

Nikamkazia macho. Hii ilikuwa nafasi ambayo chipukizi anaiota toka utotoni. Na watu wawili tofauti wanaweza kuikataa, mwenye akili na mwoga.

"Wewe, unaogopa?"

"Naogopa sana, Kocha. Lakini hilo ni jambo lingine."

"Pil-jung, mwamuzi ananitazama!" Hak-do akapaza sauti.

Nikaurudisha moyoni ule mpira wa mwisho aliorushiwa Mzee. Kweli, ulielea. Mimi niliuona ukielea, lakini nilikuwa nashangilia, sikuufikiria.

"U-bin!" nikasema. "Na Dong-ha akakimbie badala ya Mzee."

"Punde tu umeniimbia Dong-ha!"

"Sasa nakuimbia U-bin. Mkuu, niamini."

Hak-do alinitazama kwa jicho ambalo sitamani kulitazama tena, kisha akaenda kwa mwamuzi. Mzee Man-bok akatoka kituoni akitabasamu hadi masikioni. "Nilikuwa naomba kimoyomoyo," akaniambia akipita. "Kwa magoti haya ningefika nyumbani kesho."

U-bin alikuwa ameshachukua gongo. Wiki tatu alikuwa akikaa benchi.

"Sikia," nikamwambia. "Ukiona mpira unatoka nje chini, uache. Ukikaa hapa," nikagusa mkanda wake, "usiuonee huruma."

"Na nikikosa, Kocha?"

"Ukikosa tutakosa wote. Nenda, baba."

Jina lake lilipotangazwa, wimbo wake uliinuka kama bahari. Watu walikuwa wameukosa. Ngoma, makofi, jina lake mara tatu, makofi. Lakini walikuwepo pia wa kupiga kelele, "Kocha umerukwa na akili? Huyo anapiga hewa!" na mama mmoja nyuma yangu kabisa akisema, "Hewa ya Gunsan kaimaliza yote huyo!"

Mpira wa kwanza ulikuja juu, wa kasi. U-bin akazungusha gongo kwa nguvu zote. Hewa. Mama yule akanung'unika.

Wa pili ndio ule ule uliomtesa tangu Agosti, nje, chini. Mabega yake yakaanza kwenda. Nikafumba jicho moja. Gongo likafika nusu ya njia, likasimama. Mpira ukapita, mwamuzi akauita mbovu. Mniamini, niliruka pale benchini kuliko nilivyoruka kwa pointi zote za msimu. Kijana alikuwa amejizuia!

Wa tatu Sang-gu aliurusha ule ule, naye alitaka uanguke. Haukuanguka. Ulifika mbele ya mkanda wa U-bin ukasimama kama umealikwa.

Mlio wake bado nausikia. Mpira ulikwenda kushoto, ukapanda, ukagonga ukuta karibu na ukingo wa juu, ukarudi uwanjani. Chi-hwan akatoka kituo cha pili akaingia nyumbani bila kugeuka nyuma. Tano kwa tano! Na Dong-ha alikuwa anakuja. Alianza mbio kabla sisi wengine hatujavuta pumzi, akapita cha pili, akaelekea cha tatu ameinama mwili mzima.

Pale kituo cha tatu, mwenzetu wa kuwaongoza wakimbiaji alinyoosha mikono yote miwili juu. Simama! Mlinzi wa Wonju alikuwa ameshaushika mpira.

Dong-ha hakusimama.

"Mpumbavu huyo!" Hak-do akapiga kelele. "Rudi! Rudi wewe!"

Mpira ukarushwa, ukapokelewa, ukarushwa tena. Mdakaji wa Wonju akauchukua akageuka. Dong-ha akajitupa kifudifudi, vumbi likawafunika wote wawili. Mwamuzi akainua ngumi. Ametolewa.

Ngoma zikakoma. Dong-ha akaamka mdomo umejaa mchanga, akipunga mikono: hapana, hapana, nimegusa. Hak-do, aliyekuwa akimtukana sekunde ile ile, akakimbia kuomba picha zirudiwe.

Waamuzi wakavaa visikizi vyao, kuwasikiliza wakaguzi wa picha. Tukasubiri. U-bin amesimama kituo cha pili, kakamata kichwa. Watu elfu kadhaa hawali, hawanywi. Mama wa nyuma yangu akaanza kusali kwa sauti, mara kwa Buddha, mara kwa Yesu, asimkose yeyote.

Mwamuzi akavua kisikizi, akarudi taratibu, akatandaza mikono yake miwili.

Amefika! Sita kwa tano, mchezo umekwisha!

Siwezi kueleza kilichofuata kwa mpangilio. Nakumbuka maji baridi yakinimwagikia shingoni, Mzee Man-bok akikimbia kwa magoti yale yale kuliko siku zote, na U-bin akimbeba Dong-ha begani kama mfuko wa mchele, mmoja analia, mwingine anatema mchanga.

Nilimkamata Dong-ha sikio. "Wewe! Hukuona mikono juu kituo cha tatu?"

"Hapana, Kocha. Kofia iliniangukia machoni. Sikuona kitu kabisa."

Kijana aliyeona mkono wa mrushaji umechoka hakumwona mtu mzima aliyesimama mbele yake. Nikacheka hadi mbavu zikauma.

Mkurugenzi Seol aliteremka uwanjani na viatu vyake vya ofisini, nywele zimelowa maji ya watu wengine. "Haya. Nipe hukumu ya jioni."

"Peleka jina la U-bin kwenye tuzo, kama nilivyosema. Na Dong-ha ukimgusa, mimi naondoka naye."

"Hiyo si tathmini, Kocha Guk. Hicho ni kitisho."

"Ni vyote viwili."

Akanipa mkono. Tuzo yenyewe baadaye ilikwenda kwa kijana wa timu nyingine, U-bin akawa wa pili, na sikusikia akilalamika.

Jua likiwa bado halijazama, tulikwenda kula supu ya chipukizi za soya mtaa wa pili, timu nzima tumebanana kwenye meza za chini. Wenye duka walikataa kutuacha tuagize. Vyungu vilikuja tu, vinachemka. U-bin alikaa ubavuni mwa Dong-ha, akamwekea yai lake katika bakuli.

"Kaka, mtoano tunaanza na yule mrushaji wa mkono wa kushoto, yule mrefu. Mimi simwelewi kabisa. Kwake yeye unaangalia nini?"

"Kula kwanza."

"Ninakula. Niambie."

Dong-ha akashika kijiko, akakiinua kama mtu anayetaka kurusha mpira, akazungusha kiwiko polepole. "Akitaka kurusha ule wa polepole, kiwiko kinafanya hivi. Kiangalie kiwiko, usiangalie uso, uso wake ni mwongo."

Wote wawili wakainama juu ya supu, vijiko hewani, mchuzi unadondoka mezani. Nikasogeza bakuli langu karibu nao, nami nisikie.