Jana Ulikula Wali na Nini?

Mimi Ban Myeong-suk nimehoji watu miaka thelathini na mmoja. Nilipoanza, bosi wangu Pyo alikuwa bado anafungwa kamba za viatu. Kwa hiyo aliponiambia mashine yetu ya mahojiano imeongea kwa simu na akina bibi arobaini na wote wameridhika, nilicheka hadi kahawa ikanipalia.

"Kinachokuchekesha ni nini, Bi Ban?"

"Bibi arobaini wasio na hata lalamiko moja! Uliwapata wapi, peponi?"

Kampuni iliyotupa kazi ilitaka kutoa toleo jipya la jokofu lake la kimchi, ile kabichi kali iliyochachushwa tunayolia wali kila siku; jokofu lenyewe ni lile lenye kina kirefu, linalofunguliwa juu kama sanduku. Saa tisa alasiri Pyo alitakiwa kupeleka jibu: wazee wanalipenda, endeleeni.

"Nipe saa mbili niyapange upya maswali," nikamwambia. "Nikishindwa, leo hii naacha kazi."

"Utaacha bure tu. Mama yangu ana miaka sabini na sita, analo hilo hilo. Kila nikimpigia anasema halina shida."

Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikasikiliza rekodi. Mashine inauliza, "Umeridhika?" Bibi anajibu, "Halina shida." Mashine inamtupia, "Kwa nini?" Jamani! Huku kwetu mdogo hamuulizi mkubwa "kwa nini" kavukavu namna hiyo, labda kama anatafuta ugomvi. Bibi mmoja wa mji wa Andong, Bibi Eom, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Kwa sababu mmelitengeneza vizuri." Mashine ikamshukuru mbiombio, ikarukia swali jingine. Nilikasirika kweli. Ule ukimya ndio uliokuwa na maneno, na mashine imeukanyaga!

Nikafuta kila "kwa nini". Nikaiagiza hivi: mtu akisema halina shida, muulize la jana, jambo alilolifanya kwa mikono yake. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu hadi kumi.

Tukampigia tena Bibi Eom, mashine ikiongea, sisi tukisikiliza.

"Halina shida, mwanangu," akasema, kama tulivyotarajia.

"Nashukuru, bibi. Jana jioni ulikula wali na nini?"

Kimya. Pyo akapeleka mkono kwenye kitufe cha swali linalofuata, nikauchapa kofi.

"Na maji," bibi akasema. "Nilimwagia wali maji, nikala."

"Kimchi ilikuwa imekwisha, bibi?"

"Wapi! Ipo tele, lakini iko chini kabisa. Lile kasha la kimchi ni zito, na nikiinama hivyo kiuno kinagoma. Jirani ndiye hunitolea. Jana hakuja." Akacheka kidogo. "Usiyaandike hayo, mwanangu. Waliolitengeneza watajisikia vibaya."

Nilitaka kushangilia na kulia kwa mpigo. Kiuno cha yule bibi kilikuwa kinauma siku zote, na sisi tulikuwa tumeandika "ameridhika sana"!

"Haya, bosi," nikasema. "Mimi bado nina kazi?"

Alikuwa ameshika simu, anampigia mama yake, sauti imewekwa wazi mezani.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Sina shida yoyote. Rudi kazini, usije ukagombezwa."

"Haya, mama." Kidole chake kikaelekea kukata.

Nikamsukumia karatasi yangu ya maswali. Akaitazama, akanitazama mimi, kisha akaisoma.

"Mama, jana jioni ulikula wali na nini?"

Kimya. Pyo akafungua mdomo amsaidie, nikamkazia macho, nikaanza kuhesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu. Nilipofika nane tukamsikia mama akishusha pumzi.

"Nani kakwambia?" akauliza.