Hodi ya Kingsbury, Karibu ya Woolwich

Mbwa wa ukutani alianza kubweka wakati mzee Lusajo anamenya ndizi. Alibweka mara tatu, akapumzika, akabweka mara mbili, kama kawaida yake. Lusajo alitupa maganda kwenye ndoo, akatia chumvi kwenye sufuria, akasema, "Umeamka, Diwani."

Fleti ilikuwa Woolwich, Landani, ghorofa ya sita, juu ya soko. Jengo zima halikuwa na mbwa hata mmoja, maana kaunsili, halmashauri yenye jengo, ilipiga marufuku mbwa tangu siku ya kwanza. Ukuta wa jikoni ndio uliokuwa naye. Ulikuwa pia na mashine ya kukatia majani, iliyonguruma kila Jumamosi, na piano ambayo mtoto asiyeonekana aliipiga baada ya shule na kukosea palepale kila siku, na mama mmoja wa Kizungu aliyemwita Hugo aje kula. Hugo alikuwa mzito kuja.

Jina la Diwani alilitoa marehemu Gaudensia, mke wa Lusajo. Alisema mtu anayesema kutwa na haonekani kamwe, jina lake ni hilo. Gaudensia alikuwa akitunza wazee usiku na kulala mchana, ndiyo kusema hakulala. Alijaribu pamba masikioni, akajaribu kulala bafuni, akajaribu Zaburi. Kaunsili walimtuma ofisa na kifaa cha kupimia kelele. Kifaa kilimpima mbwa vizuri kabisa. Ofisa akakitazama kifaa, akautazama ukuta, akasema mbwa hawaruhusiwi humu, kwa hiyo hakuna mbwa. Akamaliza chai yake akaondoka. Hao ndio waliosoma.

Gaudensia alifia kwenye kiti cha jikoni mchana wa Jumanne, piano ikiendelea. Daktari alisema ni presha. Mtoto wa piano alikosea palepale.

Kazini kwake walitoa mafao ya kifo. Kwa mafao hayo, na kwa mshahara wa binti yao Irene ambaye ni nesi, benki ilikubali kuwakopesha nyumba. Irene alikuwa mjamzito. Baba wa mtoto alikuwa Manchester, na habari yake iishie hapo. Presha ya Irene ilikuwa imeanza kupanda kama ya mama yake. Mkunga alimwambia alale. Sasa alale wapi? Mkunga huyo hakuwa amewahi kufika ghorofa ya sita.

Ukuta wa jikoni walichangia na jirani, Emérence, Mkongomani wa Bukavu aliyesafisha maofisi usiku. Na yeye alilala mchana. Siku nyingine aligonga ukuta kwa mwiko akipiga kelele, "Papa Irene, ambia Diwani wako afunge kinywa!" Naye Lusajo alimjibu, "Mwambie wewe, mimi hanisikilizi, sina shahada!"

Jumamosi ile Lusajo alikwenda Kingsbury, ng'ambo ya mto, kuangalia nyumba. Ajenti alikuwa Kanti, Mhindi mzee aliyezaliwa Tanga, na Kiswahili chake bado kilikuwa na duka ndani yake. Alimpokea kituoni, akambeba kwa gari hadi mtaa mmoja uliojifunga mwisho, wenye miti mirefu pande zote mbili na uzio wa vichaka uliokatwa sawasawa kama nywele za askari. Majani yalikuwa ya kijani mpaka yakaudhi. Hakukuwa na sauti. Lusajo alisikia saa ya mkononi mwa Kanti.

"Hapa ni pepo, bwana," alisema Kanti. "Nyumba kumi na nane, miaka yote hii, hakuna hata moja iliyolalamika."

Alifungua mlango, akampisha. Lusajo hakuingia. Gaudensia alimfundisha kwamba hata nyumba tupu hupigiwa hodi, kwa sababu hujui nani amebaki ndani. Alishika fremu ya mlango, akavuta pumzi, akaita hodi kwa sauti ya mtu wa Tukuyu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Mdomo ulifunguka, koo likatikisika, na hakuna kilichotoka. Akaita tena. Ikawa vilevile.

"Usichoke bure, bwana," Kanti alimwambia. "Hapa sauti kubwa haikai. Sema polepole tu, hiyo inabaki."

Simu ya Lusajo ikatetema mfukoni. Alikuwa Emérence.

"Papa Irene, uko wapi? Ulipoteza funguo?"

"Niko Kingsbury, naangalia nyumba."

"Kingsbury gani? Niko nasikia unapiga hodi mu ukuta. Nimesema karibu, hauingii. Nimesema tena karibu, nimefungua hata mulango. Hakuna muntu."

"Hebu subiri," alisema Lusajo. Aliishika simu sikioni, akaita hodi mara ya tatu. Mlangoni Kingsbury palikuwa kimya. Ndani ya simu, kutoka jikoni kwa Emérence, alijisikia mwenyewe akiita.

"Njo hiyo," alisema Emérence. "Karibu tena. Sasa niache nilale."

Lusajo aliirudisha simu mfukoni, akageuka. Ng'ambo ya barabara, kwenye bustani yenye roza, mbwa wa kahawia aliyenenepa alikuwa amesimama akifungua na kufumba mdomo. Mara tatu. Akapumzika. Mara mbili. Lusajo alimtazama kama mtu anavyomtazama mkwe aliyezoeana naye kwa simu tu. Nyuma ya mbwa mwanamume alisukuma mashine ya majani isiyonguruma. Dirishani kulikuwa na mtoto kwenye piano. Lusajo alijua ni wapi atakosea. Vidole vilipofika pale, vikakosea.

"Diwani," aliita kwa sauti ndogo. Mbwa akatikisa mkia.

Kanti alimwonyesha kifuniko cha chuma kwenye kando ya barabara, kidogo, kama cha mita ya maji. Alieleza kwamba kelele ni kama maji machafu, lazima iende mahali. Kamati ya mtaa na wakubwa wa kaunsili walikubaliana zamani, wakachimba, bomba likapita chini ya mto.

"Linatokea wapi?"

"Ng'ambo huko. Wanunuzi hawaulizi, bwana."

"Mke wangu amefia ng'ambo huko."

Kanti alivua miwani akaifuta kwa tai. "Pole sana," alisema. "Kweli, pole sana." Kisha, kwa kuwa alikuwa kazini, akamwonyesha jiko.

Lusajo hakuwa mtu wa kuishia mlangoni. Jumatatu alikwenda ofisi ya kaunsili akakaa kwenye viti vya plastiki mpaka alipoitwa na kijana mmoja mpole, Riyadh, mwenye tai. Riyadh alilijua bomba. Hakulificha hata kidogo; alisema ni miundombinu.

"Mzee, wewe hapa umekuja kama mpangaji au kama mnunuzi?"

"Vyote viwili."

"Sawa. Kama mpangaji, unahama, kwa hiyo lalamiko lako linakufa. Kama mnunuzi, mtaa wako hauna kelele. Sasa utalalamikia nini?"

"Nalalamika kwa ajili ya jirani yangu."

"Aje mwenyewe, tuko wazi mchana."

"Mchana analala."

"Kumbe analala?" Riyadh alifurahi. "Basi tatizo liko wapi?"

Ndivyo wanavyofundishwa. Mtu wa darasa la nne huwezi kumfundisha hivyo, atakuuliza maswali. Lusajo alitoka nje, akapanda basi la ghorofa mbili, akakaa ya chini.

Jioni alimwambia Irene kwamba ile nyumba hataki kuinunua. Alimweleza mbwa, piano, kifuniko. Irene alikuwa ameweka miguu iliyovimba juu ya stuli. Alizaliwa Landani, Kiswahili anakielewa chote lakini humjibu baba yake kwa Kiingereza. Safari hii alijibu kwa Kiswahili, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi.

"Baba, mama alikufa kwenye kiti kile. Unataka na mimi nikikalie?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema hawa watu ndio waliomuua, halafu mimi nikawape mafao yake waniuzie kimya."

"Tusiponunua, watamrudisha?"

Ukutani mashine ya majani ikawaka. Haikuwa Jumamosi. Walingoja imalize, kama mtu anavyongoja mkubwa amalize kuongea. Irene aliweka mkono tumboni na mwingine shingoni, kwenye mshipa, akawa anahesabu kimoyomoyo. Mama yake alikuwa akishika hapo hapo.

"Na Emérence je?" Lusajo aliuliza.

"Emérence hana mimba, baba. Ninayo mimi."

Mashine ikazimika. Diwani akaanza. Lusajo aliinuka, akakichukua kiti cha jikoni, akakitoa nje kwenye korido, akakiweka kando ya lifti. Asubuhi alimpigia Kanti simu.

Kabla ya kuhama alimpelekea Emérence sufuria ya ndizi, akamweleza kila kitu amesimama mlangoni. Emérence alionja ndizi kwanza.

"Nenda, Papa Irene. Muntu akifunguliwa gereza, haulizake nani amebakia." Kisha akacheka, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Lakini kule usiimbe zile nyimbo zako za kilio. Sauti yako ni mubaya kupita ya Diwani."

Walihamia Kingsbury. Irene alilala siku mbili mfululizo, akiamka kula tu. Presha ikashuka. Mwenye mbwa alikuja na keki, akawaambia kwa sauti ya chini kwamba ni bahati kupata majirani watulivu, maana watu walikuwa na wasiwasi kidogo. Lusajo alisema asante. Kila alipotoka dukani alisimama mlangoni akapiga hodi, mdomo wazi, bila sauti, kisha akaingia.

Mtoto alizaliwa hospitali, msichana, akapewa jina la bibi yake. Huko alilia vizuri, wodi nzima ilimsikia. Walipomfikisha nyumbani aliendelea kufungua mdomo, na uso ukawa mwekundu, na machozi yakatoka, na hapakuwa na kitu. Irene alisogeza kitanda cha mtoto mbele ya macho yake. Alikula akimtazama. Alioga mlango wazi. Alilala kwa zamu na baba yake, mmoja akitazama. Hawakulizungumza, walipanga zamu tu.

Siku ya tano, mchana, zamu ilikuwa ya Lusajo, naye akashuka mara moja kunywa chai, akasinzia kwenye kochi. Simu ikamwamsha.

"Papa Irene, amuka. Mutoto analia."

Alipanda ngazi mbiombio. Irene alikuwa amelala fofofo, uso ukutani. Mtoto alikuwa amejisokota ndani ya blanketi, limemfunika pua, mdomo wazi kabisa, midomo ikianza kubadilika rangi. Lusajo alilivuta blanketi, akamwinua, akampigapiga mgongoni. Ndani ya simu, nyuma ya pumzi za Emérence, alimsikia mjukuu wake akipiga yowe Woolwich. Alikuwa na sauti nzuri, ya juu, ya upande wa Gaudensia.

"Amepata pumuzi?" Emérence aliuliza.

"Amepata."

"Tangu asubui niko namusikia. Nikajua hiyo ya sasa si kilio ya njaa." Alipiga mwayo mrefu. "Basi, akilia tena nitakuita. Uache simu karibu."

"Na wewe utalala saa ngapi, mama?"

"Mimi?" Emérence alicheka kidogo. "Niache sasa nifunge macho, mbele Diwani hajaamuka."

Lusajo alisimama dirishani na mtoto begani. Miti ilikuwa imetulia, majani yote mahali pake. Ng'ambo ya barabara mbwa wa kahawia alisimama, akajinyoosha miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akafungua mdomo.

Lusajo alivuta pazia.