Msingi wa Nyamu

Ruguru wa Ishiara hakuwa na ugomvi na treni. Ipite, ipige honi, ibebe ndengu za dunia nzima. Ugomvi wake ulikuwa na kompyuta. Kompyuta ya wahandisi ilikuwa imesema kwamba reli ikijengwa pale bondeni, mtikisiko utapita ardhini na kuipasua nyumba yake. Basi ahamie Kibugu kwa mwanawe Munene, akachume majani chai kwenye baridi ya kuuma mifupa! Afadhali aliwe na mchwa.

"Hiyo kompyuta imewahi kuingia hapa kwangu?" alimuuliza Linda, mhandisi kijana aliyetumwa kuja kupima.

"Bado, cucu," Linda akajibu, kama mjukuu kwa nyanya yake. "Ndio maana nimekam. Kwa ile hesabu tulichukulia msingi wako ni kama wa majirani."

"Majirani! Nyumba zao zinapasuka kila kiangazi, huu udongo mweusi ukikauka. Yangu haina ufa hata mmoja. Pasta aliupaka msingi mafuta ya baraka, na mimi nikichinja kuku, firigisi ni ya pasta."

Mumewe, Nyamu, akakohoa. Alikuwa kwenye kigoda chake karibu na banda la mbuzi, na tangu nyumba ijengwe alikuwa akikohoa kila mara mafuta hayo yalipotajwa.

Linda akabandika kifaa kimoja cha kupima mtikisiko ukutani na kuchomeka kingine shambani. Fundi wake Kaburu, mtu wa miraba minne, akainua nyundo na kutwanga bamba la chuma lililolazwa chini. Puu! Kuku wakatawanyika. Ruguru alifumba macho, maana aliogopa kuutazama ukuta.

"Rudia," Linda akasema, akikunja uso mbele ya skrini.

Puu!

"Hii ni maajabu. Shamba linacheza, lakini nyumba imekataa kucheza nalo. Cucu, msingi ulienda chini hadi wapi?"

Ruguru akakumbuka msimu mzima Nyamu akichimba mtaro, wapita njia wakimuuliza kama anataka kuzika ndovu. Yeye mwenyewe alikuwa akilala jikoni kwenye moshi, na kila jioni alimwambia ni mvivu anayejificha shimoni asijenge ukuta.

"Nilifika kwa mawe," Nyamu akasema. "Mwamba mzima."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia, Mama Munene. Ukasema nitoke kwa shimo, pasta amefika na mafuta."

Linda alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaingiza mwamba kwenye hesabu, treni ikapita tena kwenye skrini, na safari hii nyumba ikabaki nzima.

"Hamhami, cucu. Nitaandika hivyo."

Ruguru alilia kidogo, kisha akachinja kuku. Pasta hakukawia, pua yake haikuwahi kumwangusha. Ruguru akampa paja, akamkaribisha vizuri sana, halafu akampita na sahani ya pili mpaka kwenye kigoda.

"Firigisi yako, Baba Munene," akasema. "Na usikohoe tena."